Mathieu Amekataa Bukari

Jumamosi hiyo Mathieu alikunywa chai bila sukari, akala nusu tango, kisha akajipima mabega kwa uzi mbele ya kioo. Akavaa shati la bluu lililochakaa, akasema anakwenda kazini. Kazi gani, na ofisi ya reli Jumamosi hufungwa kwa kufuli? Berthe, mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na sita, alijibu "sawa" na kuendelea kukata matembele. Chini ya kitenge alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya safari.

Mambo yalianza mwezi wa nne. Wakati ule Mathieu alikuwa na kilo mia moja na kumi na nne, na watu wa Shituru, mtaa wao wa Likasi, walimwita patron, yaani bosi, kwa sababu ya tumbo hilo, ingawa alikuwa karani tu. Siku moja akarudi na karatasi aliyoandikiwa na muuguzi, akaibandika kwenye mlango wa jikoni. Vya kuepuka: mkate, vitumbua, sukari, bia, mawese, nyama ya nguruwe, viazi vya kukaanga. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, bukari, ugali wenyewe. Mtu wa Kasai kukataa bukari! Berthe alicheka mpaka akakaa chini. Alidhani ni mambo ya siku tatu.

Yakaenda miezi mitano. Mathieu alikula lengalenga, mchicha wa kuchemsha, na samaki mmoja mdogo, akaiacha sahani ya bukari ipoe mbele yake. Suruali ikashikiliwa kwa kamba. Kila vitumbua vya jirani yao, mama Orpha, vilipoanza kunukia, mwanaume alivuka barabara na kupita upande wa pili.

Mama Orpha ndiye aliyelisema lile ambalo Berthe alikuwa analikwepa.

"Mama Cédrick, mwanaume wa miaka makumi tano hakondake bure. Iko na deuxième bureau, mwanamuke wa inje. Ule mwanamuke iko kijana, njo anamuambia: papa, ondosha ile tumbo."

"Papa Cédrick haiko vile."

"Bote habaiko vile."

Berthe alikataa kwa mdomo, lakini neno lilimkaa rohoni. Halafu akauona mgongo. Alikuwa anampelekea sabuni bafuni, akakuta mabega ya mumewe yamejaa mikwaruzo mirefu, mingine bado mibichi. Mathieu alisema ni mbao za depo. Berthe hakumbishia, ila tangu lini karani akabeba mbao? Hizo ni kucha, alijiambia.

Aliumia sana. Aliona wivu, akaona na aibu ya kuona wivu akiwa na umri wa kuitwa bibi. Zaidi ya yote aliogopa kubaki peke yake. Cédrick, mtoto wao pekee, aliondoka mwezi wa tatu bila kuaga, kufuata kazi ya malori Zambia. Habari hiyo aliletewa na Mathieu. Kijana humpigia baba yake simu ofisini. Kwa mama, Mathieu alisema, laini za kule hazishiki. "Anakusalimia sana," humwambia Berthe akirudi, kisha hutoka uani na kukaa huko muda mrefu. Katika nyumba ile alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu, na sasa naye anajikondesha kwa ajili ya mwingine.

Kwa hiyo alimfuata. Mathieu alipanda teksi-basi ya Kakanda, na Berthe akakodi pikipiki nyuma yake. Njiani alipanga maneno. Angeanza na huyo mwanamke, amvute kilemba mbele ya watu wote. Halafu angemgeukia Mathieu, amwambie arudi nyumbani ale bukari.

Lakini Mathieu aliposhuka hakuelekea kwenye nyumba za watu. Alilipita soko, akashika njia ya machimbo, na Berthe akampoteza kati ya vilima vya udongo mwekundu. Alipozunguka kilima cha mwisho alimkuta mama mmoja ameketi na ndoo ya munkoyo, anawauzia wachimbaji kinywaji. Berthe alimwangalia toka kichwa hadi miguu, akaona ni mzee kuliko yeye, akapoa kidogo.

"Mama, hauone papa moya wa chemise ya bleu?"

"Ule papa wa samedi, siku kama leo? Iko kule."

Mbele yao, wanaume sita walikuwa wamezunguka shimo jembamba, wameshika kamba iliyoingia ndani.

"Bibi yake wa huku njo nani?" Berthe aliuliza, na sauti yake haikutoka na ukali aliokuja nao.

"Bibi?" Yule mama alishangaa. "Ule papa haiko na bibi huku. Tangu mwezi wa ine anakuyaka kila samedi kujaribu kuingia mu ile shimo. Mabega inakwama, inachubuka, anarudia kwake. Bacreuseurs, bale bachimbaji, banakatala kushuka, banasema chini paliangukaka, patabaangukia na beye. Leo njo mabega imepita, iko mule chini."

"Anatafuta nini mule?"

Yule mama alichota munkoyo, akampa kikombe bila kuombwa, akasogea karibu naye.

"Mutoto wake. Shimo ilimufunikaka mwezi wa tatu. Lakini usiseme kule Likasi, mama. Alituombaka bote tunyamaze, sababu mama ya mutoto hayajua bado."