Plasta Begani

Jimu ya uwani ilikuwa na joto kama tanuri, halafu Mbaraka kavaa shati la mikono mirefu! Nani asingeshtuka?

"Vua basi, bwana harusi!" Gunda, baba lao wa vyuma, akamvuta shati likateleza. Loo! Plasta begani.

Mbaraka aliogopa jambo moja tu: wenzake wamwone si mwanaume kamili. Ila akasema, "Nimechanja. Kinga ya vile virusi vya saratani ya mlango wa kizazi."

Kicheko kikalipuka. "Si chanjo ya wasichana hiyo? Mpigieni mwali vigelegele!"

"Chekeni tu. Anayempelekea mwanamke virusi hivyo ni nani, jini? Si sisi hawahawa, kitandani? Mama yake mchumba wangu kafa kwa saratani hiyo. Na binti yake nimzike kwa uzembe wangu?"

Vigelegele vikakatika. Gunda akamsogelea kabisa, akanong'ona, "Mdogo wangu... inauma?"

"Kidogo tu, kaka!" Mbaraka akashusha pumzi, akacheka mpaka machozi, akalivua shati lote.

Gunda akageukia kioo, akawa analibonyezabonyeza bega lake nene, polepole, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.