Kibuyu cha Mbweha

Mwaka mvua ilipogoma, Mbweha na Kobe walihamia ng'ambo ya jangwa, kila mmoja na kibuyu chake. Mbweha, bahili wa kutupwa, aliapa kufika bila kukizibua. Kobe alikunywa kila alipoona kiu, na jua lilipofika utosini akajibanza kwenye kivuli cha jiwe.

"Ndugu yangu, pumzika, unywe."

"Nikinywa leo, kesho je?" Mbweha akajibu, akakaza mwendo.

Jua lilipopoa, Kobe alifuata nyayo, akamkuta mwenzake kaanguka, ulimi nje, kakumbatia kibuyu kilichojaa pomoni. Akakizibua, akammiminia kinywani.

Mbweha akafumbua macho. "Acha! Hayo ni ya kesho!"

Kobe hakuacha kumimina. "Kunywa. Maiti hana kesho."