Ritifaa ya Somoe

Vitabu vilitua kutoka ng'ambo siku ileile ya uzinduzi, jaladani pameandikwa NGOA KISIKI. Mpiga chapa wa huko aliidhani ritifaa, kile kialama cha ng', ni uchafu wa nzi, akaifuta. Basi riwaya ya Somoe, ya wanakijiji wanaong'oa visiki vya shamba la mkoloni, ikageuka ya wivu wa kisiki, maana ngoa ni wivu.

"Dada, tuahirishe," mhariri akanong'ona. "Watatucheka."

"Wacheke wakinunua."

Somoe akachomoa kalamu, akapachika ritifaa ya kwanza, nono kama jembe. Muuza vitumbua aliyekuwa mbele ya foleni ya wanunuzi akaivuta nakala yake.

"Lete kalamu, shoga. Yangu naitia mwenyewe."

Kalamu ilipokauka, mtu akapitisha kipande cha mkaa, na foleni ikazidi kujipinda hadi barabarani.