Kikohozi cha Bata

Kaeni vizuri enyi wajuaji, hii hamkufundishwa shuleni. Korona ilipopamba moto, Jogoo aliyeajiriwa kuamsha mtaa alijirekodi akiwika mara moja tu. Kila alfajiri akawa anatuma sauti ile ile kwenye kundi la simu, kisha anajifunika shuka. Eti anafanyia kazi nyumbani.

Korona ilipofifia, siku moja mtaa mzima ukachelewa kazini. Punda, mwenyekiti wa mtaa, akamfuata amevimba.

"Kijana, kesho tukichelewa tena, kazi huna."

"Mzee, si nimetuma? Angalia kundi."

"Kundi hilo kila mtu alishalizima mlio. Tulikuwa tunaamshwa na kikohozi cha Bata. Akikohoa tu, wote tunaruka kufunga madirisha."

Jogoo akamgeukia jirani yake. "Dada Bata, kumbe uliumwa muda wote huo?"

"Nilipona zamani, mjinga wewe. Nilikuwa nakoholea ajira yako. Siku hizi hata nikikohoa, hakuna anayeshtuka."

Alfajiri iliyofuata Jogoo alipanda juu ya bati mwenyewe, akawika kwa sauti iliyoshika kutu. Bata alicheka mpaka akakohoa kweli, na mtaa wote ukaamka. Mtaa uliamshwa na nani, hilo mtabishana wenyewe.