Miwani Chini ya Kofia ya Chuma

Mwanaidi alikuwa anachomelea bawaba ya pili ya geti pale Bwana Kilindo, karani wa bima, alipoingia karakanani na fomu mkononi.

"Dada, ombi lako limekataliwa. Upasuaji wa macho kwa leza ni urembo, bima hailipi. Weka sahihi kwamba umekubali, tufunge faili."

Mwanaidi alivua kofia ya kuchomelea, akafuta jasho na ukungu kwenye miwani yake. Kisha aliona kwamba mgeni naye ana miwani.

"Vaa ile kofia nyingine, kaka. Mimi nachomelea, wewe niambie moto ukifika kwenye alama ya chaki hapo getini."

Bwana Kilindo alicheka, akavaa. Cheche ziliruka.

"Bado," alisema. "Bado... bado kidogo..."

Mwanaidi alizima mashine. Moto ulikuwa umeipita alama kwa vidole vinne.

Karani alivua kofia. Miwani yake ilikuwa nyeupe kwa ukungu, kama glasi ya maji ya barafu. "Sikuona kitu, dada."

"Umependeza, lakini."

Karani aliguna. "Mimi natumwa tu."

"Najua. Sina ugomvi nawe."

Mwanaidi aliichukua fomu, akakata neno "urembo" kwa kalamu, juu yake akaandika "kazi". Nafasi ya sahihi aliiacha tupu.

"Kesho nitaipeleka mwenyewe. Wakikataa, na keshokutwa."

Aliibandika kwa sumaku kwenye geti, juu kidogo ya mahali pa bawaba ya tatu, akachomoa waya wa umeme, akafunga kazi ya siku hiyo.