Almasi ya Kiboko Iliyojaa Tumbo

Kiboko alimpelekea Kindi, fundi wa kukata vito, almasi ya pete ya mchumba wake.

"Nibakizie uzito wote unaowezekana," alisisitiza. "Mama mkwe anataka kuona kitu kikubwa."

Kindi akamtii, akaikata almasi na kuiachia tumbo nene upande wa chini. Mama mkwe alipoletewa pete, aliinua nyusi. "Ni hii tu?"

Kiboko akamrudia fundi akifoka. "Umeniibia."

Kindi akaitoa almasi kwenye pete, akaiweka kwenye mizani, na uzito ulikuwa uleule wa siku alipomkabidhi.

"Sasa mbona inaonekana ndogo?"

"Bwana Kiboko, juzi nilipita mtoni nikaona masikio mawili na pua. Nikadhani ni chura."

"Chura? Mwili wangu wote ulikuwa majini!"

"Na uzito wa almasi yako umezama ndani ya pete. Mwanga nao unapotelea humo. Nikilipunguza tumbo, itang'aa mpaka ukingoni."

Kiboko aliguna, akakubali. Mama mkwe alipoiona tena, akauliza hilo jiwe kubwa limetoka wapi.

Kiboko alikuwa mtoni hapo karibu, masikio na pua tu vikionekana. Akatoka majini mzima mzima, ili naye aonekane.