Nane kati ya Kumi

“Tumbo langu nalijua kuliko madaktari wote,” Shebuge alimtambia nesi. “Andika maumivu nane kati ya kumi. Dawa msinipunguzie, yatarudi.”

Alikuwa na wiki mbili tangu apasuliwe kongosho lililomtesa miaka sita. Miaka yote hiyo alilala amekaa, amejikunja juu ya mto kama kamba wa kukaanga. Akijaribu chali, anatokwa machozi.

Mkewe aliendelea kumenya chungwa. “Sista, hiyo nane kaitoa wapi? Tangu adhuhuri kalala chali, anakoroma mpaka jirani kaomba ahamishwe.”

“Mimi, Mama Rukia?”

“Wewe. Kwani hapo umelalaje?”

Shebuge aliitazama miguu yake, imenyooka mpaka mwisho wa kitanda, akaanza kuchezesha vidole, kimoja kimoja.